Anayetaka kumnunulia mzee "dawa ya kuongeza kinga", soma hapa kwanza

Mkuu, pole kwa kuuguliwa na mzee. Umeuliza kama ule unga wa laki tatu wa "kuongeza kinga" utamsaidia mwenye saratani. Usinunue. Mimi niliununua.

Mama yangu mkubwa, wa Kibosho, alitokwa na doa jeusi kwenye unyayo. Tukadhani mwiba wa shambani. Zaidi ya mwaka tunahangaika na mlonge na vichupa vya kijani, doa likawa kidonda. Kufika hospitali ni melanoma, aina ya saratani ya ngozi, na tezi za kinena zimeshavimba. (Sisi weusi melanoma hupenda kututokea nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Kagueni nyayo za wazee wenu.)

Nikamuuliza daktari, kwani kinga yake imekwisha? Akasema hapana, seli T, ndizo askari wanaoua seli za saratani, zimo humo humo ndani ya uvimbe. Ila zimepambana na adui muda mrefu bila kummaliza, zimechoka, na juu yake zimejaa kitufe kinachoitwa PD-1. Saratani inakibonyeza, seli inatulia.

Mimi nilielewa hivi: Fuso limeegeshwa mteremko wa Kibosho, utingo kaweka jiwe mbele ya tairi. Hata ujaze dizeli mpaka imwagike, haliendi. Unga wako ndiyo hiyo dizeli. Dawa yenyewe, ya hospitali, inakinga PD-1 isibonyezwe, yaani kazi yake ni kutoa jiwe. Maabara ya Tasuku Honjo wa Japani ndiyo iliyoitambua PD-1 mwaka 1992. Yeye na James Allison wa Marekani, aliyeshughulikia breki nyingine, CTLA-4, wakapata Nobel 2018. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alitibiwa kwa dawa ya aina hii 2015, melanoma ikiwa imeshafika kwenye ubongo, akaishi hadi miaka 100.

Ukoo ulichanga, ng'ombe wawili wakauzwa, mama akapelekwa Nairobi kutundikiwa dripu ya pembrolizumab, mojawapo ya hizo dawa za kutoa jiwe, kila wiki 3. Baada ya dripu ya tatu akaanza kuharisha, mara 8 kwa siku. Sisi, wataalamu wa kila kitu, tukakimbilia duka la dawa kuchukua Flagyl. Kumbe ni kinga yenyewe: jiwe limetoka, gari limeshuka hadi kwenye utumbo wake. Kuharisha kulipona kwa prednisolone, dawa ya kutuliza kinga, ya dozi kubwa, na dripu zikasimamishwa. Kwa hiyo aliye kwenye dawa hizi akiharisha, akikohoa au macho yakiwa ya njano, simu ya kwanza ni kwa daktari wake.

Tezi zilinywea, akarudi kuchuma kahawa msimu mzima. Kisha saratani ikaibukia mapafuni, tukamzika. Daktari alikuwa ametuambia mapema kwamba melanoma ya nyayoni huitikia kidogo kuliko ile ya jua, maana ina mabadiliko machache ya vinasaba ambayo seli T zingeyatambua. Tena kuna seli zilizochoka hadi injini ikafa. Hizo hata ukitoa jiwe haziwaki, na watafiti sasa wanahangaika nazo.

Hukusema mzee ana saratani gani, na hapo ndipo penye jibu lako. Zipo ambazo dawa hizi hazizigusi kabisa. Muulize daktari kama kipande cha uvimbe kinaweza kupimwa PD-L1 (ndicho kidole ambacho saratani inabonyezea PD-1), na ile laki tatu iweke kwenye kipimo na nauli. Majibu yakitoka yalete hapa.