Kwa nini Bryanston inafanana na kasri

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini shule ya Bryanston, kule Dorset nchini Uingereza, inafanana zaidi na kasri kuliko shule. Jengo hilo halikukusudiwa kuwa shule: msanifu Richard Norman Shaw alilichora liwe makazi ya ukoo wa Portman, na ujenzi ulianza mwaka 1889, enzi ya Malkia Victoria, ukakamilika mwaka 1894. Tazama pembe za kuta zake, mahali ambapo matofali mekundu yamebanwa na mawe meupe ya Portland, kazi ya mikono ambayo binafsi naistahi sana. Wanafunzi waliingia mwaka 1928, na vyumba vya familia moja na watumishi wake vikawa madarasa na mabweni.