Maswali ya Wasomaji: Lori Likikwama Usiku Katikati ya Barabara

Swali: Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni dereva wa trela na ninaishi Embakasi. Mwezi uliopita nilikuwa nikipeleka mzigo wa ngano Malaba, nikaingia barabara ya Southern Bypass ya Nairobi mwendo wa saa tano usiku. Nilipokwisha kuupita mzunguko wa Lang'ata, king'ora cha kuonya kuhusu hewa ya breki ndani ya kabini kilianza kulia. Nilidhani ni nyaya tu zinanisumbua, kwa hiyo nikaendelea, na muda si muda breki zikakamata zenyewe, trela likiwa nusu ndani ya njia ya kushoto na nusu nje. Nilipompigia tajiri simu, alituamuru mimi na utingo wangu tusitoke kwenye kabini hata kidogo, tulinde mzigo hadi fundi afike asubuhi. Tuliwasha taa za dharura tukajifungia humo. Usiku huo huo mwendesha bodaboda alitukosa kidogo sana. Je, tulifanya sawa? Na ningeweza kufanya nini ili gari lisisimame pale liliposimama?
Dereva, Embakasi

Jibu: Marahaba, mwanangu. Namshukuru Mungu kwamba umeandika barua hii ukiwa mzima, kwa sababu mlijifungia mahali penye hatari kuliko pote usiku ule. Tajiri wako hakuwa na haki ya kuwaamuru mbaki humo, nawe ulikuwa na haki ya kukataa. Lori lenye shehena likigongwa kwa nyuma na lori jingine lenye shehena, mzigo unaweza kusukumwa mbele, na aliye kabini akabanwa kati ya mzigo wake na chochote kilicho mbele yake. Aliyelala hapati hata nafasi ya kufungua mlango. Ngano inaweza kununuliwa tena, na ndiyo maana wenye magari hukata bima ya mzigo. Hakuna bima inayomrudishia mama wa utingo wako mwanawe.

Nianze na king'ora, kwa kuwa hapo ndipo usiku wako ulipoharibikia. Breki za trela hufanya kazi kinyume na vile abiria wengi wanavyodhani. Hewa haitumiki tu kulisimamisha gari, bali pia hutumika kuzizuia springi kubwa za breki zisibane magurudumu. Mpira wa kupitishia hewa ukipasuka au kompresa ikishindwa kujaza mitungi, hewa hupungua, springi hupata nguvu, na magurudumu hufungwa hapo hapo gari lilipo. Kwenye magari mengi king'ora hulia geji inapokaribia bar 4 au 5, wakati ambapo hewa ya kawaida ya kazi ni bar 8 au zaidi. Maana yake ni kwamba king'ora kikilia bado umebakiwa na hewa ya kulitoa gari barabarani, ila ni kidogo, na kila unapokanyaga breki unaipunguza. Kwa hiyo ukiisikia sauti hiyo, washa taa za dharura wakati huo huo, usijaribu kukimbilia kituo cha mafuta kilicho mbele, usipige breki za mara kwa mara, bali punguza mwendo kwa gia na uingie kushoto kabisa, hata ikibidi magurudumu yashuke kwenye nyasi, alimradi udongo ni mgumu na hakuna mtaro. Trela lililotoka nje ya njia lote zima, hata likiinama kidogo, ni salama zaidi kuliko lililobaki nusu kwa nusu kama lako.

Sasa tuseme limekwisha kukwama. Taa za dharura ulizowasha zilikuwa jambo jema lakini hazikutosha, na nitakuonyesha kwa hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata takribani mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji sekunde moja na nusu hadi mbili kuona, kuelewa na kuufikisha mguu kwenye breki. Wakati huo amekwisha kusogea mita 33 hadi 44 bila kupunguza mwendo hata kidogo, na ndipo gari linapoanza kushikwa na breki. Taa zake za chini humwangazia kiasi cha mita 50 tu hivi. Ukijumlisha, utaona kwamba anayelitegemea jicho lake na taa zake peke yake akiliona trela lako hana tena nafasi ya kusimama, na bodaboda mwenye taa hafifu ana nafasi ndogo zaidi. Taa za dharura nazo humdanganya aliye mbali, kwa maana hadhani zile ni taa za gari lililosimama. Hudhani ni lori linalopanda polepole kuelekea Kikuyu, jambo ambalo dereva wa barabara hiyo hulizoea kila usiku.

Kwa sababu hiyo pembetatu za kuakisi mwanga, ambazo sheria inakutaka uwe nazo, lazima ziwe mbali. Kwenye barabara ya mwendo kasi kama ile, ya kwanza iwe mita 100 nyuma ya trela, yaani hatua zako 130 hivi za kawaida, na ya pili iwe katikati ya umbali huo. Ukiwa umekwama baada ya kona au juu ya kilima, usihesabu hatua. Ipeleke pembetatu hadi kabla ya kona yenyewe, ili anayekuja aione kabla hajaanza kukunja usukani. Vaa jaketi la kuakisi mwanga kabla hujafungua mlango, shuka kwa upande wa kushoto, tembea nje ya barabara ukiyatazama magari yanayokuja, na uishike pembetatu mbele ya kifua chako ikiwa imekunjuliwa tayari. Nimewaona madereva wakiinama gizani katikati ya njia wakihangaika na miguu ya pembetatu iliyoshika kutu, huku mgongo umeelekea magari. Ikunjue kabini. Upepo wa malori yanayopita huiangusha kwa urahisi, hivyo beba vifuko viwili vidogo vya mchanga vya kuikandamizia miguu.

Mkimaliza, wewe na utingo mkae nyuma ya vyuma vya kingo za barabara, au juu ya ukingo pasipo na vyuma. Msikae mbele ya gari, kwa kuwa likigongwa litasukumwa kuelekea mbele. Kaeni upande wa nyuma kidogo, mbali na lami, mahali mnapoweza kuliona. Kisha piga 999 au 112. Usiseme tu kwamba uko bypass. Sema unaelekea Kikuyu au unaelekea Mombasa Road, taja mzunguko au daraja la mwisho ulilopita, eleza ni njia ipi iliyozibwa, na useme umebeba nini. Nalijua jambo linalowatia hofu madereva wengi, nalo ni wezi, na sehemu za barabara hiyo zinazopakana na msitu zinatia hofu kweli. Funga milango, chukua funguo, simu na stakabadhi za mzigo, na mkae pamoja. Wakija watu wa kutaka mali, waacheni waichukue.

Swali: Nina lori moja la tani 10 ambalo mtoto wa dada yangu huliendesha, akibeba viazi kutoka Kinangop hadi soko la Marikiti. Huingia mjini usiku kwa Waiyaki Way. Nimemnunulia pembetatu mbili. Kuna kingine ambacho mwenye lori anapaswa kugharamia?
Mama mwenye lori, Kayole

Jibu: Mama, umefanya vyema kuuliza kabla ya mkasa. Ongeza pembetatu ya tatu, majaketi mawili, tochi mbili zenye betri nzima, kabari mbili za mbao ngumu au za chuma za kuzuia magurudumu, fyuzi na balbu za akiba, na chaja ya simu ya kijana. Vyote hivi havifikii bei ya tairi moja jipya.

Hata hivyo, ningependa zaidi uende nyuma ya lori lako jioni moja likiwa limetoka shambani, umulike tochi. Malori ya viazi hutoka Kinangop yakiwa yamepakwa tope hadi kwenye ubao wa nyuma, na zile tepu nyekundu na nyeupe ambazo zingeng'aa zikipigwa na taa za gari linalofuata huwa hazionekani kabisa. Taa za nyuma nazo hufifia chini ya tope hilo hilo. Ndoo ya maji na kitambaa, dakika chache tu kabla ya kuingia barabara kuu, zinafanya kazi ambayo hakuna kifaa kingine kitakachoifanya, kwa maana siku umeme wote wa lori utakapozimika, tepu hizo ndizo zitakazobaki zikisema kwamba pana gari hapo. Mwambie kijana wako pia azikague betri. Malori mengi ya kadiri hiyo hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kutoa 24, na moja ikiwa imechoka, taa za dharura hazitamaliza usiku.

Kuhusu mzigo, mwambie wazi leo, mbele ya mama yake ikiwezekana, kwamba hutamdai gunia hata moja lililoibwa akiwa ameondoka garini ili kuokoa maisha yake. Vijana wengi hubaki kabini kwa kuogopa kukatwa mshahara. Na watu wakikusanyika, yeye na utingo wasiingie kati kupigana nao. Kama siku moja utaingia biashara ya kubeba mafuta, hapo kanuni ni kali zaidi: awaonye watu, akae mbali, awaite polisi. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachangwan, karibu na Molo, watu walikuwa wakichota mafuta kwenye lori lililopinduka moto ulipolipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

Swali: Mimi ni fundi wa magari makubwa, Mlolongo. Usiku huitwa kutengeneza lori pale pale barabarani, na wenye magari hukasirika nikikataa. Nitajuaje kazi ya kukubali na ya kukataa?
Fundi, Mlolongo

Jibu: Ndugu fundi, kataa kazi yoyote inayokulaza chini ya gari ambalo sehemu yake imo ndani ya njia, na kataa kubadilisha gurudumu la upande wa kulia magari yakiwa yanapita. Mwenye gari akasirike. Unachoweza kukubali ni kulipatia gari uwezo wa kusogea hadi mahali salama, kwa mfano kubadilisha mpira wa hewa uliopasuka unaofikika kutoka upande wa kushoto.

Kuhusu kufungua springi za breki kwa boliti ili gari livutwe, nakuomba usikilize kwa makini, kwa sababu kazi hii imewaua mafundi wenye uzoefu. Ukishaikaza ile boliti na hewa haipo, gurudumu lile halina breki tena. Kwenye mteremko kabari ziwekwe kwanza, upande wa chini wa mteremko, na gari la kuvuta liwe limekwisha kuunganishwa kwa chuma imara, si kwa mnyororo, maana mnyororo hauwezi kulizuia gari la nyuma lisimgonge anayelivuta. Ikiwa gari la kuvuta lina mpira wa kulishia hewa gari bovu, tumia njia hiyo na usiziguse boliti kabisa. Kumbuka pia kwamba injini ikiwa imezimika, usukani huwa mzito sana, kwa hiyo anayeushika awe mtu mzima mwenye nguvu anayelijua gari hilo, na mwendo uwe wa polepole huku polisi wakiwa nyuma.

Swali: Wiki iliyopita gari langu dogo lilipasua tairi kwa kugonga mawe makubwa yaliyoachwa katikati ya njia, na matawi makavu pembeni. Hapakuwa na lori. Kwa nini watu hufanya hivi, nami nifanye nini nikiyakuta tena?
Msomaji, Kikuyu

Jibu: Hayo ni mabaki ya lori lililokwama, likatengenezwa, likaondoka. Matawi huwekwa kama onyo na mawe huwekwa kama kabari, kisha kazi ikiisha utingo hupanda garini kwa haraka na kuyaacha. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko kukwama kwenyewe, kwa sababu gari huharibika bila mtu kukusudia, lakini jiwe lililoachwa gizani liliachwa na mtu aliyeliona. Ukiyakuta, usisimame ndani ya njia kuyaondoa. Pita polepole, simama mbele kabisa nje ya barabara ukiwa umewasha taa za dharura, kisha piga 999 utaje mahali na upande wa barabara. Na ikiwa lori lenyewe bado lipo, usiegeshe nyuma yake kwa nia ya kusaidia. Pita, egesha mbele nje ya lami, na uwarudie kwa miguu ukitembea nyuma ya vyuma vya kingo.