Jibu: Franklin Park au Van Cortlandt, upi ulitangulia?

Mkuu, salama? Nimekuelewa: kitabu kimoja kinasema uwanja wa kwanza wa gofu wa umma Marekani ni Van Cortlandt, New York, 1895, kingine kinakupa Franklin Park, Boston, 1890. Mimi hukusanya kadi za posta za bustani hizi, na ubishi huu hauishi.

Kabla ya yote angalia kinachodaiwa: watu kucheza tu, au uwanja wenyewe?

Hiyo 1890 ni kweli, ila uwanja haukuwepo. Desemba ile George Wright, nyota wa zamani wa besiboli aliyekuwa na biashara ya vifaa vya michezo, alipata kibali, wakatoboa mashimo machache kwenye nyasi, akapiga mipira na wenzake. Basi. Olmsted, aliyeibuni bustani, alikuwa ameyaacha majani yale yawe mandhari ya shamba, na kondoo walichungwa humo! Gofu rasmi ilikuja 1896 chini ya Mskoti Willie Campbell. Alipofariki 1900, mkewe Georgina akaendelea kufundisha palepale, jambo ambalo vitabu vingi huliruka.

Kwa hiyo kwa uwanja, andika Van Cortlandt. Ulianza na mashimo 9. Tom Bendelow, mbunifu wa viwanja vya gofu, akaufikisha 18 mwaka 1899. Na ile ramani yako ya Van Cortlandt isiyo na tarehe, hesabu mashimo: yakiwa 18, usiiweke kabla ya hapo.