Unataka kuongeza kasi ya prosesa ya Dell au HP ya mtumba? Jua kwanza nini kinaibana

Watu wengi wakishanunua OptiPlex (ya Dell) au EliteDesk (ya HP), kompyuta za mezani zilizotoka maofisini Ulaya, swali la kwanza ni lile lile: nipakue programu gani niipandishe kasi? Ninyi mnaoanza nawashauri mgeuze swali. Ulizeni mashine inabanwa na nini. Programu hizi zina faida kubwa kama vipimo kabla hazijawa nyenzo za kubadilisha chochote.

Fungua CPU-Z, programu inayotambua vifaa vya mashine, usome jina kamili la prosesa na chipseti ya mazabodi, yaani chipu inayoiunganisha prosesa na sehemu nyingine. Kwa Intel, prosesa ambayo jina lake halina herufi K au X baada ya tarakimu kwa kawaida imefungwa namba yake ya kuzidisha (kasi ya prosesa ni saa ya msingi, yaani mapigo yanayoongoza mashine, mara namba hiyo), na hakuna programu ya kuifungua. Hata ukiwa na K, mazabodi nyingi za mashine za ofisi zina chipseti zenye majina yanayoanza na Q, B au H, ambazo haziruhusu kuipandisha namba hiyo kupita kiwango cha kiwandani. Zinazoruhusu ni za Z. Upande wa AMD, Ryzen nyingi za mezani ziko wazi, lakini chipseti ya A320 inafunga mlango.

Kuna maelekezo ya zamani bado yanazunguka, ya enzi za Core 2 Duo, prosesa za zamani za Intel, ambapo mtu alifungua programu ya SetFSB, akachagua aina ya chipu ya saa iliyo kwenye mazabodi yake, akasogeza kitelezi huku Windows inaendelea kufanya kazi. Kwa mashine za siku hizo ilikuwa kweli. Tangu Sandy Bridge, kizazi cha prosesa za Intel cha mwaka 2011, saa ya msingi ya 100 MHz huendesha pia PCIe (njia ya kadi za michoro na baadhi ya diski) na njia inayounganisha prosesa na chipseti, na kwa miaka mingi kuisogeza zaidi ya MHz chache kumeleta vurugu kwenye diski na kadi za michoro kabla prosesa yenyewe haijalalamika. Usiyafuate maelekezo hayo kwenye mashine ya leo.

Sasa tuje kwenye kitu chenye faida. Chukua i7-8700, ambayo utaikuta kwenye OptiPlex 7060. Karatasi yake inasema 3.2 GHz za msingi na 4.6 GHz kwa juu kabisa, lakini hiyo 4.6 ni ya kiini kimoja. Viini vyote sita vikifanya kazi pamoja mwisho ni 4.3. Ipe kazi nzito kama kutoa video, ufungue ThrottleStop, programu inayoonyesha na kubadilisha vikomo vya prosesa, uangalie. Mara nyingi kasi inaanza vizuri juu, halafu baada ya muda mfupi inashuka, na wati zinasimama palepale kwenye 65. Bonyeza kitufe cha Limits: kisanduku cha PL1, kikomo cha umeme wa muda mrefu, kinawaka nyekundu. Hapo mashine imekwambia yenyewe. Prosesa inayo kasi zaidi, ila kiwanda kimeiwekea kikomo hicho.

Kikomo hicho kiko kwenye dirisha la TPL la ThrottleStop. Kama hakijafungwa na BIOS (programu ya mazabodi inayowasha mashine), kipandishe kidogo kidogo, 70, kisha 75, huku HWiNFO, programu ya vipimo vya mashine, ikiwa wazi pembeni uone nyuzi joto. Kwa maoni yangu, kwa prosesa isiyo na K hii ndiyo kazi yenye tija kuliko zote, kwa sababu haivuki kasi ambayo Intel wenyewe waliipangia.

Lakini kisanduku kinachowaka kikiwa THERMAL, usiguse wati. Tatizo ni joto. Mashine za mtumba nyingi zinafika na vumbi lililoshikana kati ya mapezi ya hitisinki kama zulia, na pesti ya juu ya prosesa imekauka kabisa. Safisha, paka pesti mpya, kisha pima tena. Kumbuka pia kwamba joto la chumba likipanda nyuzi moja, la prosesa nalo hupanda karibu hiyo hiyo moja. Kipimo cha usiku chini ya kiyoyozi hakikwambii lolote kuhusu saa nane mchana wa Februari Dar es Salaam.

Kwa wenye K na chipseti ya Z, XTU, programu ya Intel ya kubadilisha mipangilio ya prosesa, itawapa namba ya kuzidisha na volteji. Hapo ielewe hesabu kabla ya kitelezi: umeme unaoliwa hufuata kasi, na hufuata volteji kwa kipeo cha pili, yaani volteji mara volteji. Ukiongeza kasi asilimia 10 na volteji asilimia 10, umeme unapanda karibu asilimia 33. Pawa saplai na feni ya mashine iliyounganishwa kiwandani hazikupangiwa nyongeza hiyo. Na volteji kubwa huua polepole. Mwaka 2024 Intel walilazimika kutoa marekebisho ya mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) kwa prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilizokuwa zikiharibika kwa sababu ya volteji iliyopanda mno, na wakaongeza waranti miaka miwili.

Wengine hufanya kinyume, wanapunguza volteji ili joto lishuke na kasi idumu. Ni njia nzuri sana inapokubali. Ila Desemba 2019 watafiti walitangaza udhaifu walioupa jina Plundervolt, uliotumia mlango huo huo wa volteji kuiba siri ndani ya prosesa, na matoleo mengi ya BIOS yaliyofuata yakaufunga. Ukikuta ThrottleStop inaandika Locked, iache. Sishauri kurudisha BIOS ya zamani kwenye mashine yenye kazi za watu.

Kila badiliko lipime. Endesha Cinebench, programu ya kupima kasi, kabla na baada, alama uziandike. Kisha Prime95, programu ya kuitesa prosesa kwa hesabu nzito, kwa angalau saa moja: ikisimamisha kazi kwa kosa la hesabu, mashine haiko imara hata kama Windows inaonekana salama, na faili zako zinaweza kuharibika kimyakimya. Ndani ya HWiNFO angalia pia mstari wa makosa ya WHEA, yaani makosa ya vifaa ambayo Windows imeyanasa. Unatakiwa ubaki sifuri.

Kwa kawaida mpangilio wa ThrottleStop hupotea ukizima na kuwasha mashine, na huo ni ulinzi wako. Mashine ikiganda, unaiwasha upya na imerudi ilivyokuwa. Kwa hiyo usiipange ijiwashe pamoja na Windows mpaka mashine imefanya kazi zako halisi siku kadhaa bila kukwama. Siku ukiipanga, weka nakala ya faili zako kwenye diski nyingine kwanza.