Kabla hujachoma hiyo sindano

Mwaka wa pili huu sijavua shati Raskazone, ufukweni kwetu Tanga. Nafika, nakaa ukutani, naangalia wenzangu wakijirusha majini, nikiulizwa nasema nina mafua. Chini ya fulana kuna uvimbe kwenye chuchu zote mbili, mgumu kama kokwa, ukiguswa unauma. Nimeuvuna kwa wiki kumi na mbili za sindano za steroidi, dawa za kujaza misuli.

Nilikuwa nanyanyua vyuma kwenye jimu ya uani, Ngamiani, zile za bomba la maji lenye makopo ya saruji huku na huku. Miaka mitatu mwili ulijaa taratibu, kisha ukagoma. Akaja jamaa mmoja, baunsa wa kumbi za starehe, akanivuta pembeni: "Kaka, wewe unakula maharage, wenzio wanakula dawa." Chupa naikumbuka mpaka leo. Ndogo, kizibo cha mpira, ndani mafuta ya njano kama ya alizeti. Lebo imebandikwa upande, na jina la kiwanda limerukwa herufi. Niliiona hiyo herufi. Nikachoma hivyo hivyo, takoni, na siku mbili nzima nikapanda bodaboda nimekalia upande mmoja.

Nisikudanganye, zilifanya kazi. Anayeandika kwamba dawa hizi hazijazi misuli hajawahi kukaa jimu. Wiki ya sita mashati yalikuwa yananibana mikono.

Ndiyo maana ubishi wa kuzikataza au kuziacha hauishi. Testosteroni, homoni ya kiume ambayo ndiyo mama wa dawa hizi, inatengenezwa maabara tangu 1935, na mpaka leo hospitali zinampa mwanamume ambaye mwili wake hautoi homoni hiyo ya kutosha, au kijana aliyechelewa kubalehe. Wanamichezo wakazivamia, Olimpiki ikazipiga marufuku miaka ya 1970. Wengi wetu tulizijua kwa kisa cha Ben Johnson, Seoul 1988: mita 100 kwa sekunde 9.79, siku chache tu akanyang'anywa dhahabu, mkojo umekutwa na stanozololi, mojawapo ya dawa hizi. Marekani wakatunga sheria mwaka 1990: ukikutwa nazo bila cheti cha daktari, una kesi. Uingereza wakapita njia nyingine: za kutumia mwenyewe hushitakiwi, ukiuza ndipo wanakukamata.

Kijiweni kwetu kuna fundi wa kuchomelea, hoja yake ni moja: "Hata panadoli ukizidisha inaua, mbona haikatazwi?" Inachekesha, inapendeza. Lakini kidonge cha panadoli kimeandikwa miligramu 500 na ndani ni 500. Ile chupa yangu ilikuwa na nini? Kiasi gani? Huenda nilijichoma mafuta ya kupikia.

Mimi nipo na Waingereza. Mbane muuzaji, ila mwache kijana aweze kusema. Wiki ya tisa kichwa kilianza kunigonga, nikaogopa hospitali nikidhani daktari ataita polisi. Kilichonipeleka ni jipu pale nilipochoma. Nesi akanipima presha: 160 kwa 100. Akahamia mkono wa pili, akapima tena. "Una miaka mingapi?" Ishirini na saba. "Nyumbani kwenu wana presha?" Hawana. Basi nikasema.

Daktari hakuita mtu. Alinieleza kwamba korodani zikiona homoni inaletwa kutoka nje zinaacha kazi, zinasinyaa, mbegu zinapungua na zinaweza kuisha kabisa. Homoni ikizidi, sehemu yake hugeuka ya kike, ndiyo haya matiti yangu. Kolesteroli nzuri inashuka, moyo unatanuka kimya kimya, na zile za vidonge huumiza ini zaidi. Akanitenganishia na jambo ambalo wengi tunalichanganya: prednisoloni ya pumu na mzio nayo ni steroidi, lakini ni ukoo mwingine, haijazi msuli wowote. Kama umeandikiwa, usiiache kwa kusoma habari zangu.

Mdogo wangu, kama bado unarefuka, usiguse kabisa. Mifupa inaweza kufunga kabla ya wakati ukabaki ulipo. Dada, sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi tena. Na wewe uliyekwisha kuanza sikutukani, nilikuwa wewe. Pima presha kila wiki. Usichangie sindano na mtu hata awe ndugu yako, Ukimwi na homa ya ini havijali undugu. Mwambie daktari unachotumia, na mwambie pia siku unayotaka kuacha, maana mimi niliacha kimya kimya na miezi minne sikuwa na hamu ya kitu: si chakula, si mke, si vyuma. Muuzaji akikuahidi "dawa ya kusafishia" ya kumalizia, muulize hiyo nayo imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa nchini? Atabadilisha mazungumzo.

Jimu bado naenda. Mwezi uliopita tulichanga tukanunua kipimo cha presha, kinaning'inia msumarini pembeni ya kioo. Vijana wanakifanyia mzaha, wanapimana kuona nani kapanda zaidi. Juzi yule baunsa alijipima akidhani hatumwoni. Akasoma, akakizima, akahamishia mkono wa pili.