Jibu: Petroli steshini inajengwa karibu na visima, Nyalenda

Habari ndugu. Nimekusoma: matangi ya petroli yanafukiwa hatua chache kutoka kisima mnachochota maji, na msimamizi anadai NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilishatoa leseni.

Maandamano yangoje. Kwanza tafuteni tarehe ya hiyo leseni. Rufaa kwa jopo la kitaifa la mazingira ina siku 60, na huwa zinaisha watu wakiitana mikutano tu. Peleka barua ofisi ya NEMA ya kaunti kuomba ripoti ya tathmini ya mazingira, na nakala yako igongwe muhuri. Ukiipata, ruka maelezo yote, nenda kwenye orodha ya wakazi waliohojiwa. Sisi tulikuta majina ya wapangaji waliohama kitambo, sahihi zote mwandiko mmoja, kalamu moja! Hapo ndipo pa kukaza. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu ilifutwa Juni 2019, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Maji ya kisima yapimwe maabara sasa hivi, kabla tangi halijajazwa. Yakishanuka mafuta, mtathibitishaje yalikuwa safi?

Leseni yenu sijaiona, kwa hiyo ukiipata tupia picha hapa, tarehe isomeke.