Kiporo kina aliyekilaza

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma juzi baada ya Isha, nikaurudia asubuhi nilipovaa miwani. Unauliza: kwenye ripoti yenu ya maombi ya wananchi yaliyokaa bila kujibiwa, uandike "mrundikano wa maombi" au uandike "viporo"? Mkuu wako wa kitengo anasema viporo ni neno la mtaani, halifai kupanda ngazi za wizara. Na wewe huko Dodoma ukaona shauri hili aletewe mama, fundi cherehani wa Tandika.

Neno la mtaani! Mtaani ndiko kulikokusomesha. Umekua kwa kiporo wewe: wali wa jana umepashwa na kitunguu, chai ya rangi pembeni, halafu mbio kuwahi daladala. Bibi yako, Mungu amrehemu, hakusema kiporo, alisema mwiku, na alikuwa mkali juu yake. Mwiku ni wa usiku mmoja. Ukilala usiku wa pili ni wa kuku. Hilo mkuu wako hajalifikiria. Maombi ya miaka mitatu, mwanangu, si kiporo hayo, yameshachacha.

(Wala usimwambie kwamba vijana siku hizi wakisema "kupasha kiporo" wana maana ya kumrudia mpenzi wa zamani. Atalifuta kabisa.)

Mrundikano nalijua, nalisikia redioni kila siku: mrundikano wa kesi, mrundikano wa mahabusu, mrundikano wa makontena bandarini. Neno safi, limevaa tai. Lakini lisikilize vizuri. Vitu vimerundikana. Vyenyewe, kama majani ya mwembe uani. Kiporo hakiwezi kusema hivyo. Kiporo kina aliyekilaza, na kina atakayekila asubuhi. Nimelisema hili tangu baba yako yuko hai.

Naye alikuwa ananipinga kwa mpira, si unamjua. Yanga wakisafiri kwenda kucheza mashindano ya Afrika, mechi zao za Ligi Kuu zinasogezwa mbele, zinakuwa viporo. "Haya, hizo nani kazilaza?" Nikikosa jibu anacheka mpaka anakohoa. Na Simba wakiwa juu yeye hakubali, anasema msimamo hausemi kweli mpaka viporo viliwe. Alinibana hapo, sikatai. Kuna viporo visivyo na mkosaji. Lakini hata hivyo vina hesabu: viwili, vitatu, dhidi ya fulani na fulani. Mrundikano ni ngapi?

Malimbikizo usiyaguse, hayo ni ya fedha. Mwalimu anadai malimbikizo ya mshahara, kila mtu anaelewa.

Kilichonifurahisha ni ile habari uliyoiweka mwishoni kama kitu kidogo. Kwamba wenzako wa kompyuta wanasema backlog, na kwamba zamani huko Uingereza neno hilo lilikuwa gogo kubwa linalowekwa nyuma ya moto ili moto usife usiku. Kumbe! Nao wamelitoa jikoni. Wao gogo, sisi wali, vyote vimelala karibu na mafiga vikingoja kuche. Sasa mkuu wako anakataa letu kwa sababu linanukia moshi, la wenzetu lenye moshi huohuo anakaa nalo mkutanoni.

Ila hilo gogo lilinisumbua kichwa usiku. Gogo ni akiba. Mwenye gogo nyuma ya moto analala ametulia. Nikakumbuka rafu yangu ya vitambaa, mwezi wa sita wakati hakuna sare za shule wala sikukuu, rafu tupu, nakaa mlangoni kuhesabu bajaji. Fundi asiye na kiporo ana njaa. Kwa hiyo siwezi kusema kiporo ni kibaya. Nimekulisha kwa viporo vya aina zote mbili.

Lakini 2006.

Unaukumbuka mwaka ule, mwaka wa mgao, maji yalipopungua bwawa la Mtera tukawa tunaona umeme kama mwezi mwandamo. Ramadhani ile nilikuwa na nguo mpaka chini ya kitanda chako. Cherehani ni ya miguu, inakwenda hata gizani, lakini ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, haiendi bila umeme, na pasi ya mkaa ilinichomea gauni la mtu la satini. Basi nikawa na sababu tayari mdomoni: umeme, mama, umeme. Njoo kesho.

Yule baba wa nyumba ya pili, aliyefiwa na mkewe, alileta kitambaa cha bintiye mapema kuliko wote. Mwezi wa Shaaban bado. Wewe ndiye uliyempokea, ukaandika vipimo kwenye daftari kwa mwandiko wako ule wa kulalia kushoto. Alilipa hela yote, hakubakisha. Na hapo ndipo palipoharibika, maana aliyelipa yote hana haraka machoni pa fundi. Wenye kelele niliwashonea kwanza. Waliolipa nusu niliwashonea, nipate nusu iliyobaki. Kila mfuko wa rambo ulioingia ulikaa juu ya wake. Alipita mara tatu kuulizia, kwa salamu tu, nami nikamwambia umeme.

Umeme haukuwa na kosa kwa gauni lile. Lilikuwa la kushona kwa cherehani tu, mchana mmoja.

Asubuhi ya Idi alikuja baada ya swala ya alfajiri. Gauni lilikuwa kiwiliwili kimeungwa, shingo haijapindwa, mikono iko pembeni. Nilianza maneno yangu. Akasema, "Haina neno, mama fundi." Akachukua kitambaa kama kilivyo, akakikunja vizuri, akaondoka. Angenitukana ningekuwa nimeshasahau. Saa nne nikiwa mlangoni nikawaona wanapita kwenda Mnazi Mmoja, yeye na kanzu yake, mtoto na sketi ya bluu na shati jeupe. Sare ya shule. Mshono wangu mwenyewe wa Januari, niliujua kwa pindo.

Nawe ulikuwa umesimama nyuma yangu na gauni lako jipya la lesi. Nililimaliza saa nane usiku, lako. Hatujawahi kulizungumza hili.

Najua unachotaka kusema, kwamba mimi nilikuwa mtu mmoja na cherehani moja, na nyinyi mna ofisi nzima, mafaili yanatoka mikoa yote, mfumo unakwama, watu wanahamishwa. Kweli. Huenda kwenu kuna mrundikano wa kweli, wa kama mechi za baba yako. Sipo hapo, siwezi kuwahukumu. Nimejizuia tangu mwanzo wa barua nisikwambie uandike lipi, na unajua jinsi inavyoniwia vigumu. Andika unaloona linakaa. Ila kabla hujaandika, fungua lile faili la chini kabisa, utazame ni la nani, na mara ngapi amepita kusalimia.

Mikono ya gauni lile ilibaki kwangu. Kwa haraka zake hakuiona, nami sikukimbia nyuma yake. Imo kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini, ndiyo ile uliyowahi kuniuliza ni ya nguo gani nikakwambia vipande tu. Yule binti sasa ana watoto wawili. Wiki iliyopita tulikutana sokoni, akaniamkia, akaniuliza kama bado nashona, maana mkubwa wake anaanza darasa la kwanza Januari. Nimemwambia alete kitambaa.

Amekileta jana. Kiko juu ya meza, peke yake. Nakwenda kukata kabla umeme haujanipa sababu.

Mama yako